Ua la Dari ni Pambo, Si Mhimili: Jinsi ya Kutundika Taa kwa Usalama

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya wananchi na mikutano ya mafundi mitaani. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu.



Katika nyumba nyingi zinazojengwa mijini siku hizi, kitu ambacho mwenyeji anataka mgeni akione kwanza kiko juu. Zamani sebule ilisifiwa kwa makochi na vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Leo mgeni huinua macho akaona dari ya jipsamu, katikati yake ua kubwa jeupe lenye majani na vishada, na katikati ya ua hilo taa ya vioo inayoning'inia. Kwa Kiswahili cha wazee taa hiyo ni thurea. Madukani inaitwa shandelia. Ni pambo zuri, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa kuipamba nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Lakini chini ya taa hiyo ndipo meza ya chakula huwekwa. Ndipo watoto hukaa jioni kufanya kazi za shule, na ndipo mgeni hukaribishwa. Kwa hiyo kabla ya kuisifu taa, inafaa kuuliza swali moja: ni nini hasa kinachoishikilia?

Chukua mfano huu. Mama mmoja amemaliza kujenga. Amenunua taa ya chuma na vioo yenye uzito wa kilo 10, na ua la plasta lenye upana wa sentimita 60. Anamwita fundi aliyempakia rangi.

"Fundi, hii taa utaifunga wapi?"

"Hapo tu katikati ya ua, Mama. Plasta hii ni ngumu, na gundi nitatia ya kutosha."

"Na itakaa kweli?"

"Itakaa, Mama. Wewe usijali."

Maneno kama hayo husemwa kila siku, na husemwa kwa nia njema. Fundi huyo hakudanganya aliposema plasta ni ngumu. Plasta ni ngumu inapokandamizwa. Inapovutwa kwenda chini, hukatika. Na taa inayoning'inia haikandamizi chochote. Kazi yake ni kuvuta, usiku na mchana, miaka yote itakayokuwa pale.

VITU VIWILI, JINA MOJA

Sehemu ya tatizo hutokana na jina. Kwa fundi wa stima, silingi rozi ni kile kikombe kidogo cha plastiki chenye kifuniko, ambamo waya zinazotoka darini hukutana na waya wa taa. Kwa fundi wa jipsamu, rozi ni ule ua wa mapambo. Mwenye nyumba akisema "niwekee rozi", kila fundi husikia lake, na mara nyingine mmoja hujikuta anafanya kazi ya mwenzake. Katika mazungumzo haya kifaa cha stima kitaitwa rozi, na pambo litaitwa ua.

Maua ya dari yalienea sana katika nyumba za Uingereza za karne ya 19. Mwaka 1856, Leonard Alexander Desachy, Mfaransa, alisajili mjini London hataza ya plasta iliyotiwa kitambaa cha gunia na vipande vya mbao ili iwe nyembamba, nyepesi na isiyovunjika kirahisi. Mafundi wa Kenya wanaochanganya nyuzi za mkonge katika plasta yao wanafuata wazo hilo hilo: nyuzi huizuia plasta isikatike vipande.

Kwa upande wa Pwani, wajenzi wa Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, walichonga nakshi za plasta ya chokaa kwenye kuta na zidaka za ndani. Dari zao zilikaa juu ya boriti za mikoko. Nakshi zilipendeza macho, boriti zilibeba uzito, na kazi hizo mbili hazikuchanganywa. Utaratibu huo ndio unaotakiwa hata leo katika nyumba ya mawe na mabati.

Yanayoweza kutokea plasta ikikosa mshiko yalionekana London usiku wa tarehe 19 Desemba 2013. Sehemu ya dari ya plasta katika ukumbi wa maigizo wa Apollo, uliofunguliwa mwaka 1901, iliwaangukia watazamaji mchezo ukiendelea. Watu zaidi ya 70 walijeruhiwa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vifungo vya gunia na plasta vilivyoishikilia dari kwenye mbao vilikuwa vimechakaa, na maji yaliyokuwa yamevuja yalikuwa yameviongezea udhaifu. Kwa macho ya aliyeketi chini, dari ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa juu yake, mahali ambapo mtazamaji hawezi kuona.

Sebule si ukumbi wa maigizo, lakini mabati yanayovuja ni yale yale. Dari yenye alama ya maji, rangi ya kahawia au ufa haifai kutundikiwa kitu hadi paa lizibwe na sehemu iliyolowa ichunguzwe kutoka juu.

KUIJUA DARI KABLA YA KUITOBOA

Kazi ya kwanza ni kujua dari imejengwa kwa nini. Ziko aina tatu ambazo fundi hukutana nazo mara nyingi.

Ya kwanza ni slabu ya zege tupu. Hii ndiyo rahisi kwa uzito: tundu hutobolewa kwa drili ya kupigapiga, vumbi likapulizwa lote, kisha bolti ya kutanuka yenye kulabu hukazwa ndani. Tahadhari ni mbili. Mabomba ya waya za stima hupita ndani ya slabu, kwa hiyo fundi asitoboe karibu na njia yake. Pia ziko slabu zilizojengwa kwa boriti za zege na matofali yenye uwazi ndani, ambazo mafundi huita makspani. Tofali la namna hiyo lina ukuta mwembamba tu upande wa chini, na bolti ya kawaida haina cha kushika humo. Kulabu itiwe kwenye boriti, au itafutwe njia nyingine kwa ushauri wa mhandisi.

Ya pili ni dari ya mbao na silingi bodi chini ya paa la mabati. Hapa kulabu lazima iingie kwenye mbao ya paa yenyewe. Kama katikati ya chumba hakuna mbao, fundi hupanda juu ya dari na kuweka mbao ya mbili kwa nne ikikingama kati ya boriti mbili, ikakazwa kwa skrubu ndefu au bolti pande zote mbili. Vile vipande vyembamba vilivyopigiliwa ili kushika silingi bodi si boriti. Viliwekwa kubeba bodi, na kazi yao inaishia hapo.

Ya tatu ni dari ya jipsamu iliyoning'inizwa kwa reli nyembamba za bati. Hii ndiyo inayodanganya wengi kwa sababu inaonekana imara kama slabu. Bodi ya jipsamu ni unga wa plasta katikati ya karatasi mbili. Zile plagi za plastiki za kufungukia ndani yake zinafaa kwa kitu chepesi, si kwa thurea. Taa ya uzito huning'inizwa kutoka kwenye slabu au boriti iliyo juu ya jipsamu, kwa fimbo ya chuma au mnyororo unaopita katika tundu, ili bodi isibebe hata kilo moja.

Kuna onyo kuhusu nyumba kuukuu. Baadhi ya nyumba zilijengwa kwa mabati na bodi za asbesto, na vumbi lake likivutwa ndani ya mapafu huleta maradhi mabaya, pamoja na saratani, baada ya miaka mingi. Bodi inayoshukiwa kuwa ya asbesto isikatwe, isipigwe msasa wala kutobolewa. Kuiondoa ni kazi inayosimamiwa kwa taratibu za Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, NEMA.

KUZIMA SWICHI HAKUTOSHI

Stima ya nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Watu wengi wakitaka kugusa taa huzima swichi ya ukutani, wakaona balbu imezimika, wakapanda ngazi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Katika nyumba nyingi, waya wa laivu hufika kwanza kwenye rozi, kisha kutoka hapo hushuka hadi swichi na kurudi. Swichi ikizimwa, taa hukosa moto, lakini laivu inabaki ndani ya rozi, ikisubiri bisibisi au kidole. Tena, katika nyumba zenye waya za rangi za zamani, nyekundu ikiwa laivu na nyeusi nyutro, ule waya mweusi unaorudi kutoka kwenye swichi huwa laivu swichi inapowashwa. Rangi peke yake si ushahidi.

Basi stima izimwe kwenye bodi, kwa swichi kuu. Aliyezima aweke kibandiko au kufuli, na awaambie wote waliomo nyumbani. Kisha fundi apime ndani ya rozi kwa kipimo cha ncha mbili. Kwanza hukijaribu kipimo mahali penye moto ili kujua kinafanya kazi, halafu hupima pale anapokusudia kugusa, halafu hukijaribu tena. Ile testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo haitoshi kuamulia uhai wa mtu.

Kuna mazoea matatu ambayo yanafaa kuachwa kabisa. La kwanza ni kungoja stima ipotee mtaani ndipo fundi apande juu. Stima iliyopotea hurudi bila kubisha hodi. La pili ni kufanya kazi tokeni zikiwa zimeisha. Mtoto au mpangaji mwenza akiingiza nambari kwenye mita, moto huo umefika. La tatu ni kusahau kwamba nyumba nyingi sasa zina sola, betri au jenereta. Swichi kuu ya stima ya mtaani haizimi vyanzo hivyo. Kila kimoja kina swichi yake.

MHIMILI KWANZA, UA BAADAYE

Utaratibu ulio salama huanza na kulabu, kisha ua, na mwisho taa. Ukigeuzwa, fundi hujikuta anatafuta boriti akiwa amelifunika eneo lote kwa plasta.

Katikati ya chumba hupatikana kwa kamba mbili, kila moja kutoka pembe hadi pembe ya mkabala. Zinapopishana ndipo katikati. Kama boriti iko kando kidogo, ni afadhali kuongeza mbao ya kukingama kuliko kutoboa pasipo na mshiko kwa sababu ya vipimo.

Kulabu ikishatiwa, ijaribiwe. Kiwango cha kimataifa cha taa, IEC 60598, hutaka kiangiko cha taa ya kuning'inia kijaribiwe kwa mzigo wa mara nne ya uzito wa taa, kwa muda wa saa moja. Kipimo hicho kinaweza kutumiwa nyumbani bila mtambo wowote. Lita moja ya maji ni kilo moja. Taa ya kilo 5 hujaribiwa kwa mtungi mmoja wa lita 20 uliojaa maji. Taa ya kilo 10, kama ya yule mama, hujaribiwa kwa mitungi miwili. Kamba iwe ndefu, mitungi ining'inie upana wa kiganja tu kutoka sakafuni, na mtu asisimame chini wala karibu. Kulabu ikiteleza, maji yataanguka kiganja kimoja na hakuna atakayeumia. Baada ya saa moja fundi huangalia: je, kulabu imeshuka, mbao imepinda, zege limefanya ufa? Kama liko lolote kati ya hayo, kazi hurudiwa.

Taa ndogo ya balbu moja inaweza kuning'inia kwa waya wake, lakini kwa mpaka. Kanuni za Uingereza za ufungaji stima, BS 7671, ambazo mafundi wa Kenya pia huzitumia, huruhusu waya wa milimita mraba 0.5 kubeba kilo 2, wa 0.75 kilo 3, na wa 1.0 kilo 5. Na rozi ya kawaida hutoa waya mmoja tu wa taa, isipokuwa imetengenezwa kwa ajili ya taa nyingi. Uzito ukizidi hapo, taa ibebwe na mnyororo au fimbo, na waya upitishwe ukiwa umelegea.

KUBANDIKA UA

Maua ya sokoni ni ya namna tatu. La plasta ni zito na haliungui, nalo linahitaji gundi pamoja na skrubu. La poliurethani ni jepesi na hukatika kwa msumeno. La polistairini ndilo la bei ya chini, ni jepesi kama unyoya, na hushika moto upesi. Polistairini huyeyuka ikipakwa gundi au rangi yenye vimumunyishi vikali. Tena ikigusana kwa muda mrefu na waya wenye ganda la PVC, ganda hilo hukauka na kupasuka. Waya usilazwe juu yake.

Kabla ya kubandika, dari ikwanguliwe. Gundi iliyopakwa juu ya chokaa inayobambuka hushika chokaa, na chokaa ikiachia dari, ua hushuka na gundi yake. Sehemu itakayofunikwa ichorwe kwa penseli kufuata ukingo wa ua, kisha ndani ya duara hilo rangi iondolewe na uso ukwaruzwe ili gundi ipate pa kushika.

Tundu la katikati litobolewe ua likiwa mezani, si juu ya kichwa cha fundi. Matundu ya skrubu nayo yatobolewe mapema, kwa sababu plasta ikisukumiwa skrubu bila tundu hupasuka. Skrubu ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Hili ni muhimu zaidi katika kaunti za Pwani, ambako hewa ya chumvi huozesha skrubu za kawaida na kutokeza madoa ya kahawia kwenye plasta nyeupe. Ziingie kwenye mbao au plagi iliyo ndani ya zege, na zikazwe hadi ziguse tu. Kukaza kupita kiasi ndiko kunakotia ufa.

Ua la plasta huinuliwa na watu wawili, kila mmoja juu ya ngazi yake au jukwaa imara, si juu ya kiti cha plastiki. Likishafika mahali pake, mbao yenye umbo la herufi T husimamishwa chini yake ili ilishikilie hadi gundi ikauke kwa muda uliotajwa kwenye pakiti. Miwani ya kukinga macho na kitambaa cha pua havina gharama kubwa, na vumbi la dari halichagui fundi mzoefu wala mwanafunzi.

KUUNGANISHA WAYA

Ua likishakauka, na stima ingali imezimwa kwenye bodi, ndipo fundi wa stima hutundika taa kwenye kulabu. Uzito ukishakaa kwenye kulabu, ndipo waya huunganishwa.

Maungo yote yakae ndani ya kijisanduku chenye kifuniko. Kwa kuwa ua lina unene wake, kijisanduku kilichokuwa sawa na dari sasa kimebaki ndani, na kati yake na kikombe cha taa pana uwazi. Uwazi huo uzibwe kwa pete ya kurefusha kijisanduku. Maungo yaliyozungushiwa utepe na kuachwa nyuma ya ua, hasa ua la povu, ni mahali pa moto kuanzia bila mtu kuona. Kikombe cha taa nacho kifungwe kwenye kijisanduku au kwenye bano lake la chuma, kisifungwe kwenye ua.

Taa ya chuma lazima iunganishwe waya wa athi, ule wa kijani au wa kijani na manjano. Laivu ikigusa mwili wa chuma, athi ndiyo inayofanya swichi ya bodi ikatike kabla mtu hajaigusa taa. Taa zisizohitaji athi hutambulikana kwa alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Nyumba ambayo waya za taa hazina athi ifungwe taa zenye alama hiyo, au ipitishiwe waya upya. Na balbu ziwe za LED, zisizozidi wati zilizoandikwa kwenye taa, ili joto lisikaushe waya zilizo nyuma ya ua.

KAZI INA WENYEWE

Seremala ana boriti, fundi wa jipsamu ana ua, na fundi wa stima ana waya. Mtu mmoja anaweza kuzijua zote, lakini waya una sharti lake la kisheria: anayefanya kazi ya kufunga stima nchini anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Kuomba kuiona leseni hiyo si kumdharau fundi. Fundi aliyeipata kwa jasho huitoa kwa furaha. Taa, rozi na waya vikaguliwe kama vina alama ya ubora ya KEBS kabla ya kulipiwa, si baada ya kufungwa.

Kampuni inayoleta stima huishia kwenye mita. Kutoka mita kuingia ndani ni jukumu la mwenye nyumba. Mpangaji anayetaka kupamba naye azungumze kwanza na mwenye nyumba, kwa sababu dari anayoitoboa huenda ni sakafu ya jirani wa juu.

Ikitokea mtu amepigwa na stima, asishikwe. Swichi kuu izimwe kwanza. Ikiwa haifikiki, aliye juu ya kitu kikavu amsukume aliyenaswa mbali na waya kwa mti mkavu. Kisha msaada uitwe kwa nambari 999 au 112, na kama hapumui, anayejua huduma ya kwanza aianze papo hapo.

Kulabu na bolti hugharimu kidogo sana zikilinganishwa na taa yenyewe. Saa moja ya mitungi ya maji haigharimu kitu. Maji yenyewe yakishushwa hufulia nguo. Ndiyo sababu ni vigumu kueleza kwa nini hatua hiyo hurukwa, ila tu kwamba ua likishabandikwa, kilicho nyuma yake hakionekani tena.

Yule mama wa mfano bado amesimama sebuleni, taa ikiwa kwenye katoni. Hana haja ya kujifunza ufundi. Anahitaji maswali manne tu kwa fundi wake, na majibu ya kuonyeshwa, si ya kuambiwa:

"Fundi, kulabu imeingia kwenye nini? Umeijaribu kwa uzito gani? Stima umeizima wapi? Na waya huu wa kijani umeufunga wapi?"

Fundi anayeyajibu yote manne akionyesha kwa kidole anastahili malipo yake kamili na chai juu yake. Anayejibu "usijali" aambiwe kwa heshima kwamba taa itabaki kwenye katoni hadi kesho.